Maji ya Ruvu na Utenzi wa Jamhuri

Mto Ruvu unaanza katika milima ya Uluguru, unateremka hadi nchi ya tambarare, na kabla ya kuifikia bahari upande wa Bagamoyo maji yake huchotwa mara mbili kwa ajili ya mji mkubwa. Mara ya kwanza ni Mlandizi, kwenye mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa 1959. Mara ya pili ni Ruvu Chini, mtambo wa 1976. Maji ya Mlandizi huingia katika mabomba yanayoandamana na barabara kuu ya Morogoro kuelekea Dar es Salaam, na miongoni mwa sehemu za mwanzo yanazozipita ni Visiga.

Visiga si jina la kutajwa katika vitabu vya historia. Iko kati ya Mlandizi na Maili Moja ya Kibaha, ina seminari ya Mtakatifu Maria ambayo kwa watu wengi wa mbali ndiyo maana pekee ya jina hilo, na kwa upande wa kusini ardhi yake inaendelea kuelekea Kisarawe bila ya mpaka ambao jicho linaweza kuuona. Ni nchi ya Wazaramo: mihogo, minazi, miembe, mikorosho, vichaka, mchanga. Msafiri wa basi huiona kwa dakika chache, kisha huiacha nyuma.

Lakini milima ile inayoleta maji ya Visiga ndiyo milima ya Kolelo. Wazaramo na Waluguru walikuwa wakipeleka maombi ya mvua kwenye pango la Kolelo zamani sana kabla ya Mdachi, na mwaka 1905 zilipoenea khabari za dawa ya maji kutoka upande wa Rufiji, Uzaramo ulizipokea kwa lugha uliyokuwa nayo: ikasemwa kwamba Kolelo amewakataza watu kulipa kodi kwa wageni. Watu wakainuka. Miaka 54 baadaye maji ya milima hiyo yakatiwa ndani ya chuma na kupitishwa mbele ya milango ya wajukuu wao. Hizi ni khabari mbili za maji yale yale, na kila moja ina uzito wa kutosha kulibeba taifa. Katika tenzi za taifa zinazotajwa zaidi, hazikutani popote.

Jambo hili linastahiki kuulizwa na wapenzi wa ushairi, kwa sababu ushairi wa Kiswahili haukuwa kimya juu ya historia. Kinyume chake, pengine hakuna fani nyingine ya lugha hii iliyolishughulikia taifa kwa bidii kama utenzi. Utawala wa Wajerumani una utenzi wake, Maji Maji ina wake, Vita Vikuu vya Pili vina wake, Ujamaa una wake, Vita vya Kagera vina wake. Mwenye kuzipanga tenzi hizo kwa miaka angepata karibu historia nzima ya Tanganyika tangu 1888. Swali ni historia ya nani, imetazamwa kutoka wapi, na kwa nini mtu wa Visiga anaweza kuzisoma zote bila ya kuiona ardhi anayoikanyaga.

Ramadhani Mwaruka ndiye shahidi bora wa shauri hili, ingawa hakukusudia kuwa shahidi. Mwaka 1965 alichapisha kitabu cha nathari, Masimulizi juu ya Uzaramo. Mwaka 1968 alichapisha Utenzi wa Jamhuri ya Tanzania. Mtu mmoja, miaka mitatu baina ya kitabu na kitabu, na kati yake limepita Azimio la Arusha la Februari 1967. Mwandishi aliyekuwa na uwezo wa nathari na nazma aliigawa kazi yake hivi: Uzaramo akaupa masimulizi, Jamhuri akaipa vina na mizani.

Mgawanyo huo haukuwa wa Mwaruka peke yake, wala si haki kumlaumu kwa desturi aliyoikuta. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, alipoeleza maisha ya watu wa Mrima katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten 1903, naye alieleza kwa nathari. Unyago, ndoa, mazishi, kilimo, uganga, mapatano ya mwenyeji na mgeni, yote hayo yalionekana kuwa mambo ya kusimuliwa. Mambo ya kutungiwa utenzi yalikuwa mengine: mitume, vita, wafalme. Taifa lilipozaliwa likaingia moja kwa moja katika daraja hilo la juu. Jamhuri ilikaa mahali palipokuwa pakikaliwa na ghazawati za Mtume, na kijiji kikabaki palepale kilipokuwa, kwenye desturi.

Umbo la utenzi lenyewe linahusika hapa. Beti ya utenzi ina vipande vinne vya mizani minane minane. Vitatu vya kwanza vina kina chao, na cha nne kina kina cha bahari kinachorudi mwisho wa kila beti kutoka dibaji hadi khatima. Umbo hili lina mwendo. Limejengwa kwa ajili ya kisa: mtu anatoka, anafika, anapigana, anashinda au anakufa, na kila beti inasukuma nyenziwe mbele. Kwa kazi hiyo hakuna umbo linaloushinda. Lakini historia ya sehemu kama Visiga na Kisarawe aghalabu haikwenda kwa mwendo wa kisa. Ilikuja kama kodi iliyoongezwa, shamba la pamba lililolazimishwa, reli iliyochora mstari, amri ya kuhama, bomba. Hakuna shujaa anayefika asubuhi na kuondoka jioni. Yapo mambo yanayokaa. Mshairi mwenye utenzi mkononi hutafuta mapambano, na asipoyaona hupita.

Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alikuwa wa mwanzo kuichukua fani hii ya ghazawati na kuielekeza kwa Mdachi. Utenzi wake wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, ambao J. W. T. Allen aliuhariri na kuutafsiri, unastahiki sifa zote ulizopewa. Msomaji wa Unguja anaujua vyema, kwa sababu mzizi wa kisa uko Unguja: mapatano ya Aprili 1888 ambayo kwayo Sayyid Khalifa aliipa kampuni ya Kijerumani mamlaka ya kuiendesha pwani ya bara. Hemedi anaona waziwazi kwamba karata ilichezwa kisiwani na deni likalipwa Mrima. Kwake pwani ni mkufu wa miji, Tanga, Pangani, Sadani, Bagamoyo, Kilwa, na kila mji una watu wake wenye majina na nasaba. Nyuma ya miji hiyo kuna bara, na bara ni mahali watu wanapotokea na wanapokimbilia. Januari 1889 misheni ya Pugu, mwendo mfupi kutoka Kisarawe, ilivamiwa na wamisionari wakauawa; ndiyo kusema vita vilishafika ndani ya Uzaramo tangu mwaka wa mwanzo. Hata hivyo jicho la utenzi limesimama bandarini, likitazama meli.

Hilo si kosa la Hemedi. Aliandika alichokiona, na alikiona vizuri kuliko maafisa waliokuwa wakiandika ripoti. Tatizo linaanza pale waliomfuata walipourithi mkao wake pamoja na ufundi wake.

Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Maji Maji, uliochapishwa Ujerumani 1933 na kutafsiriwa na W. H. Whiteley 1957, alikuwa na mtihani mgumu zaidi. Vita alivyovitunga havikuwa vya miji ya pwani bali vya wakulima wa bara, na yeye alikuwa mtu wa mji wenye msikiti, karatasi na boma. Ndiyo maana utenzi wake una mvutano usiotulia: wapiganaji wanatisha, wanashangaza, wanahuzunisha, lakini nadra kusikika wakifikiri. Dawa ya maji inaonekana kama upotofu uliowapata watu. Msomaji wa leo asiharakishe kumhukumu. Mvutano ule ndio ukweli wa utenzi wenyewe, na una thamani kuliko tenzi nyingi za baadaye ambazo zimewafanya wapiganaji wale wote kuwa mashujaa wa sanamu, wasio na hofu wala shaka. Kwa Abdul Karim walau inaonekana kwamba Mswahili wa mjini na mkulima wa shamba walikuwa watu wawili, na kwamba mmoja aliandika juu ya mwingine.

Upungufu wake uko kwingine. Utenzi ule ni wa kusini, na umefanya kazi yake kwa nguvu kiasi kwamba katika mawazo ya wasomaji Maji Maji imebaki kuwa ya kusini: Kilwa, Lindi, Liwale, Songea. Uzaramo umefutika. Lakini mpango wa pamba wa Gavana Götzen ulianza 1902, na nchi ya nyuma ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa sehemu ulipojaribiwa mapema. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba la pamoja, watu wakalilima kwa zamu wakati mashamba yao yanaota majani, na malipo yakawa hafifu kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Mtu aliyekataa malipo! Humo mna shairi zima ambalo halijatungwa, na tendo hilo lina fahari kuliko mapigano kadhaa. Kibasila, kiongozi wa Kisangire katika nchi ya Kisarawe, aliingia katika vita na Wajerumani wakamnyonga. Jina lake limepewa skuli ya sekondari jijini Dar es Salaam, na maelfu ya wanafunzi wamelivaa kifuani. Wangapi kati yao waliwahi kupewa shairi la kuwaeleza limetoka wapi?

Tamthilia iliona mapema yale ambayo utenzi haukuyaona. Ebrahim Hussein katika Kinjeketile ya 1969 aliyaondoa maji mikononi mwa masimulizi ya vita na kuyaweka ndani ya kichwa cha mtu mmoja, akauliza imani inafanya nini kwa aliyeileta na kwa walioipokea. Hussein ni mtu wa Kilwa na anaijua nazma. Hakuacha utenzi kwa kutouweza. Pengine aliona kwamba utenzi ungemlazimisha aseme nani alishinda.

Reli ya kati iliondoka Dar es Salaam 1905, mwaka uleule wa vita, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Ilikata Uzaramo katikati: Pugu, Soga, Ruvu. Watu waliokuwa wakihesabu safari kwa mito na mibuyu wakaanza kuhesabu kwa stesheni. Baada ya hapo tenzi kubwa ziliruka mbali. Shaaban Robert alivitungia vita vya 1939 hadi 1945 utenzi mrefu mno, Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa 1967 baada ya kifo chake, na humo uwanja mkubwa wa mapambano uko Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia. Ni kazi ya subira kubwa, na kwa baadhi ya wasomaji ni mtihani wa subira vilevile. Inashangaza kidogo kwamba mshairi mkubwa kuliko wote wa Tanganyika alitumia maelfu ya beti kwa majenerali wa ng'ambo. Lakini naye alikuwa akifuata kanuni ileile: utenzi huenda kulikovuma ngoma.

Harakati za uhuru zilikuwa na washairi wake, na baadhi yao walikuwa viongozi. Saadan Kandoro alitoa Mwito wa Uhuru mwaka 1961, na thamani yake ni kwamba mwandishi alikuwemo. Humo mashairi ni silaha ya mkutano, yanajibu hoja ya siku ile kwa watu waliosimama juani. Kisarawe na viunga vyake ilikuwa karibu na moto huo kuliko inavyokumbukwa: Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa Pugu alipochaguliwa kuiongoza TANU 1954, na alijiuzulu ualimu 1955. Kwa watu wengi TANU ilikuja kwa njia ya ngoma, kupitia vikundi vya akina mama vya aina ile ambayo Bibi Titi Mohamed aliimbia kabla ya kusimama jukwaani. Nyimbo hizo hazikuingia katika diwani. Kilichoingia ni shairi la bwana aliyejua kanuni za Amri Abedi. Utengano huu kati ya kilichoimbwa na kilichochapishwa ulianza hapo kugharimu, kwa sababu waliokuwa wakiimba walikuwa wengi zaidi, na aghalabu walikuwa wanawake.

Gharama kubwa ilikuja na ngonjera. Mwaka 1968 Nyerere alikutana na washairi na kuwataka walipeleke Azimio kwa wananchi. Mathias Mnyampala aliitikia, na Ngonjera za UKUTA zikachapishwa 1970 na 1971, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki 1969. Kwa miaka mingi hapakuwa na mahafali, sikukuu wala ziara ya kiongozi isiyokuwa na wanafunzi wawili waliosimama mbele ya wageni wakijibizana kwa vina. Hakuna fani ya ushairi iliyoingia vijijini kwa upana kama huo, na mwenye kuidharau kwa sababu hiyo hana haki. Watoto wengi waliijua mizani kwa njia ya ngonjera.

Lakini itazamwe jinsi ilivyojengwa. Wako wawili: mmoja hajui, mwingine anajua. Asiyejua analalamika, anauliza, anapinga kidogo. Anayejua anamweleza. Mwishoni asiyejua anashukuru na wote wawili wanakubaliana. Asiyejua aghalabu ni mkulima, mzee, mtu wa mila. Kwa hiyo mkulima ameingia katika ushairi wa taifa hatimaye, baada ya kungojea tangu 1888, na ameingia akiwa mjinga. Amepewa beti za kuuliza. Za kujibu hana. Ushairi wa Kiswahili ulikuwa na malumbano ya kweli, Muyaka na mahasimu wake hawakuambiana mwisho kwamba wameelewana, na ngonjera ilichukua umbo la malumbano ikayaondolea hatari yake.

Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Pwani, kama kwingineko, nyumba zilizotawanyika karibu na miembe na makaburi ya wazee ziliachwa, watu wakapangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Kwa Wazaramo mwembe si mti wa matunda tu. Ni hati ya ardhi na ni nasaba. Mtu huonyesha mwembe na kusema nani aliupanda. Kumhamisha mtu kutoka mwembe wake kilomita tatu ni kumhamisha kutoka ukurasa wake. Yapo yaliyotokana na vijiji ambayo hakuna mzazi angeyakataa: skuli, zahanati, kisima. Na yapo yaliyopotea ambayo hayakuandikwa kwa sababu hayakuwa na jina katika lugha ya Azimio. Riwaya ililikamata jambo hili mapema. Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, 1979, inawapa wanakijiji wanaohamishwa akili, hasira na hata ucheshi. Utenzi wa miaka hiyo, ukisomwa kando ya riwaya ile, unafanana na tangazo.

Inaweza kujibiwa kwamba Wazaramo walikuwa na ushairi wao na hawakuhitaji wa Jamhuri. Ni kweli, na jibu hili lisipuuzwe. Nyimbo za mkole, nyimbo za mwali anayetolewa ndani, nyimbo za matanga, zote ziliimbwa kwa Kizaramo na zilibeba historia kwa namna yake. Mwana hiti, kile kinyago kidogo anachopewa mwali, kimebeba ukoo wa mama kwa uaminifu kuliko kitabu. Leo vinyago hivyo vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, vimeangazwa taa, na maandishi chini yake yanasema Zaramo, Tanzania. Nyimbo zilizokuwa zikiandamana navyo hazimo. Na Kizaramo chenyewe kimerudi nyuma mbele ya Kiswahili, lugha ambayo Wazaramo walikuwa wa mwanzo kuipokea kwa sababu ilikuwa jirani. Waliitoa lugha yao kwa taifa. Hoja kwamba wabaki na nyimbo zao inakuja wakati wa kuziimba unakaribia kwisha.

Wala haisaidii kusema kwamba nazma ya Kiswahili haiwezi kazi hii. Mfano wa zamani upo, na ni wa visiwani. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ya mwanzoni mwa karne ya 19, inazungumzia kuanguka kwa Pate bila ya kuhesabu vita hata kimoja. Mtunzi hakutuma jeshi popote. Aliingia katika nyumba. Alitazama kuta, milango, vyumba vilivyokuwa na watu, akauacha utupu useme ni dola gani iliyokuwapo. Mizani yake ni kumi na si minane, na mishororo inayotembea polepole inampa msomaji nafasi ya kusimama. Hapo ndipo ilipo tofauti yenye maana kwa shauri la Visiga: utenzi wa vita unasafiri, Al-Inkishafi inasimama mahali pamoja na kuuacha wakati upite juu yake. Mwenye kutaka kutunga juu ya shamba la pamba lililogeuka pori, pori lililogeuka kijiji na kijiji kilichogeuka viwanja vya kuuzwa anaye mwalimu.

Karibu zaidi yuko marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu. Shairi lake lililoipa jina diwani ya Kimbunga, 1994, ni khabari ya dhoruba iliyoupiga mji. Wapo waliolisoma kama fumbo la Mapinduzi ya Januari 1964, wapo waliokataa, na mjadala huo haujafungwa. Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba tukio kubwa la historia, kama ndilo, limewekwa ndani ya mambo ambayo mvuvi anayajua: upepo, miti, majengo. Halikuhitaji jina la kiongozi wala tarehe. Watu wa Visiwani wanaelewa kwa nini fumbo lilihitajika, na wanaelewa vilevile kwamba Makunduchi na Micheweni zimepitwa na tenzi za Jamhuri kama ilivyopitwa Visiga. Ukiwa unatazamwa kutoka jukwaani, Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 unaonekana una pande mbili tu. Ukiutazama kutoka shambani, pande ni nyingi.

Tangu wakati huo nchi kati ya Ruvu na Pugu imeendelea kuwa mahali ambapo taifa huleta vitu vyake. Mradi wa nchi za Nordiki ulianza Kibaha 1963 na kukabidhiwa kwa serikali 1970, ukaacha skuli na hospitali ambazo zimewasomesha na kuwatibu watu kutoka pande zote. Mwaka 2022 ilifunguliwa palepale Kibaha Skuli ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, ili kizazi kipya kifundishwe historia ya mapambano. Juni 2024 treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro, na Soga, stesheni ya zamani ya Mjerumani, imepata mwenzake mpya. Mwaka 2025 ikazinduliwa bandari kavu ya Kwala. Viwanda vimejipanga Zegereni. Na mashamba yanapimwa.

Juni 2020 ulizinduliwa mradi wa kupeleka maji Kisarawe kutoka Kibamba, yaani kutoka katika njia ileile ya mabomba ya Ruvu Juu. Tangu 1959 hadi 2020 ni miaka 61. Katika muda huo Tanganyika ilipata uhuru, iliungana na Zanzibar, ilitangaza Azimio, ilihamisha vijiji, ilipigana na Idi Amin, iliacha Azimio, ikarudisha vyama vingi. Kila moja ya mambo hayo ina beti zake, nyingine nzuri, nyingine za kukariri tu. Miaka yote hiyo wanawake wa vilima vya Kisarawe walikwenda visimani na madimbwini kwa ndoo, ilhali maji ya Kolelo yalikuwa yakipita ndani ya chuma upande wa pili kuelekea mjini. Hii ndiyo historia ya uhuru kwa namna ambayo mtu aliyebeba ndoo anaweza kuithibitisha kwa mabega yake. Haina vita, lakini ina mwanzo, subira, tarehe na kufika. Hata mtunzi wa utenzi wa mizani minane angeweza kuanza nayo kazi.

Wazee waliohamishwa 1974 wakiwa watu wazima wanazidi kupungua. Waliowasikia babu zao wakisimulia kunyongwa kwa Kibasila ni wachache mno. Mwaruka aliyapata masimulizi yake mapema, 1965, wakati wa kuuliza ulipokuwa bado upo, na kitabu kile ndicho hazina ambayo mshairi angeanzia. Si rahisi kukipata. Maktaba zilizonacho hukiweka kwenye historia na mila, na Utenzi wa Jamhuri ya Tanzania huwekwa kwenye ushairi. Anayetaka kuvisoma pamoja lazima atoke rafu moja aende nyingine.